Sebule yenye vituko vya kizamani: utafute kitu cha kale, umpe fundi picha, au umwamini dizaina chipukizi?

Kama sebule yako ina kochi la kijivu, pazia la kijivu, zulia la kijivu na meza ya kioo katikati, usijisikie vibaya, mtaa mzima uko hivyo, fenicha zimetoka kontena moja na mawazo yametoka Pinterest moja. Ila kuna watu wameshachoka. Wanataka nyumba yenye vituko kidogo, kiti ambacho mgeni akiingia tu anauliza "hiki umekitoa wapi?", kabati la vyombo la enzi za bibi lakini limepigwa rangi ya embe bivu, sanduku la mbao lenye urembo wa shaba limegeuka meza ya kahawa, zile sofa za miaka ya sabini za fremu ya mbao na mito unayoivua ukaifua. Vinteji kwa kifupi, lakini vinteji yetu, sio ya kuigiza chumba cha mtu wa Copenhagen.

Na yetu tunayo ya kutosha jamani. Pwani kuna masanduku, vitanda vya samadari, viti vya enzi. Mijini kuna urithi wa miaka ya sitini na sabini ambao watu wanaupita kila siku bila kuuangalia, sakafu za terazo, matofali ya matundu ya kupitisha upepo, soko la Kariakoo lenyewe, la msanifu majengo Beda Amuli, na yale mapaa yake ya zege yaliyofunguka juu kwa juu. Ongeza vitenge na khanga za Urafiki (kiwanda cha nguo cha Dar, kilifunguliwa 1968), birika za enameli, taa za chemli, viti vya chuma vilivyosukwa kamba za plastiki, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu mpaka juu ya redio. Malighafi ipo. Swali ni unaipataje iingie ndani kwako bila kuonekana umefungua makumbusho, na bila kupigwa.

Njia ziko tatu kubwa. Ya kwanza ni kununua kitu cha zamani chenyewe: maduka ya Stone Town kama yale ya mtaa wa Gizenga, minada, wageni wanaomaliza mkataba wakauza vyombo vyote, Gikomba kwa walioko Nairobi, na stoo ya nyumbani kijijini ambako kabati la babu sasa linawekewa mbegu. Ya pili ni fundi, unaenda Keko pale Dar au zile karakana za kando ya Ngong Road Nairobi, unamwonyesha picha kwenye simu, anakutengenezea. Ya tatu ni dizaina anayeanza, kijana katoka Chuo Kikuu Ardhi au VETA (vyuo vya ufundi stadi) au kajifundisha mwenyewe uani kwao, ana vipande vitatu vinne kwenye Insta, unanunua kazi yake au unampa oda.

Kuna ya nne, kununua dukani kitu kipya kilichotengenezwa kionekane cha zamani. Hiyo naipita haraka, unaipata leo leo, bei unaijua kabla hujatoka nyumbani, ila nyingi ni MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa, yenye stika ya mbao na maji yakimwagika inavimba. Kwa mtu aliyepanga chumba mwaka mmoja sio dhambi hata kidogo. Tuendelee na zile tatu.

Tunapima kwa vigezo gani

Hela yote mpaka kitu kikae sebuleni, sio bei ya kwenye kibandiko. Muda. Uimara. Vipimo, yaani kitaenea kwenye nyumba yako au la. Upekee. Na ya baadaye, kukarabati, kuuza tena na mambo ya sheria. Kuna kigezo cha saba ambacho watu hawakihesabu kabisa na mimi naona ndio kinaamua mengi: jicho. Nani anayesema hiki ni kizuri na kile hapana? Kwenye kitu cha zamani kazi yako ni kuchagua tu, kitu kipo, kinakupendeza au hakikupendezi. Kwa fundi jicho lote ni lako, yeye ana mikono, wewe ndio mbunifu hata kama hujui. Kwa dizaina, jicho ndio hasa unalolilipia. Kaa na hilo kichwani tunapoendelea.

Hela

Kitu cha zamani bei yake haina kanuni. Kabati hilo hilo kwa mtu mwenye ndege Jumapili na nyumba inayotakiwa kurudishwa Ijumaa ni bei ya kutupa, likihamia dukani likapigwa vanishi na kuwekwa chini ya taa ya njano linakuwa bei ya mtalii. Halafu kuna zile hela za pembeni, boti kutoka Unguja, wapagazi bandarini, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) mpaka nyumbani, dawa ya wadudu, bawaba mpya. Kwa makochi ndio usiseme, fremu unaweza kuipata karibu na bure lakini sponji na kitambaa vikakugharimu kuliko kochi jipya. Kwa hiyo kabla hujalipa, lipige kochi picha, mbele, nyuma na chini, umtumie fundi makochi wako akupe makadirio, ndipo urudi kwa muuzaji.

Kwa fundi bei inajadilika na inaeleweka, ila mwombe aivunje vipande: mbao kiasi gani, ufundi kiasi gani, sponji, kitambaa, vanishi, usafiri. Akikupa namba moja tu ya jumla hujui wapi atapunguza mambo yakimbana, na mara nyingi anapunguza mahali usipopaona, yaani ndani ya kochi. Advansi ataitaka, hilo ni la kawaida kwa sababu wengi hawana mtaji wa kununua mbao mapema. Ukiweza nenda naye kununua mbao, ulipie mwenyewe pale pale, na hela ya ufundi uitoe kwa hatua.

Dizaina kwa kipande kimoja ndio ghali zaidi ya wote na sio kwamba ana tamaa. Yeye naye anamlipa fundi, analipa sampuli ya kwanza aliyoitupa kwa sababu mguu ulikaa vibaya, analipa wiki za kuchora. Ila kumbuka anaanza, bei yake ya leo ni ya mtu ambaye jina bado. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka zile picha zake mwaka 1968 kwenye vipande vya siling bodi kwa rangi ya baiskeli, zikauzwa pale nje ya Morogoro Stores Oysterbay, akafariki 1972, na leo nenda katafute picha ambayo ni yake mwenyewe kwa mkono wake uone. Sisemi kila kijana wa Insta ni Tingatinga, nasema tu kwamba kwa dizaina chipukizi pa kuingilia pa bei nafuu papo, ni vitu vidogo. Stuli, taa, fremu ya kioo, kigoda. Huhitaji kumpa sebule nzima.

Muda

Hapa kitu cha zamani kina kichaa chake. Unaweza kukipata leo jioni ukiwa unapita tu, au ukasubiri mwaka mzima viti vinne vinavyofanana. Ukiwa na shida ya haraka usitegemee bahati.

Fundi atakwambia wiki mbili. Wiki mbili za fundi tunazijua. Umeme, mbao haijaja, kuna mteja wa harusi kaingia katikati. Usipeleke oda mwezi mmoja kabla ya Eid au Krismasi halafu ukategemea mambo yawe shwari, kila mtu anabadilisha makochi kipindi hicho. Dizaina anachukua muda mrefu zaidi kwa kitu cha oda, kwa sababu kuna mchoro, marekebisho, sampuli, ndio kitu chenyewe, lakini alichokitengeneza tayari unaweza kukibeba siku hiyo hiyo.

Uimara, na hapa nitakaa kidogo

Ukienda kuangalia kabati au sanduku la zamani usiangalie mlango, kila mtu anaangalia mlango. Chomoa droo mpaka itoke kabisa, igeuze chini juu. Ubao wa chini wa droo hakuna anayehangaika kuupaka rangi, kwa hiyo pale ndio utaona mbao ni ipi na ina umri gani. Angalia pembe za droo, kazi nzuri ya zamani mbao mbili zinashikana kama vidole vilivyopishana, misumari hamna. Kama pembe zimegongwa misumari mipya inayong'aa basi droo ilibadilishwa au kitu kizima ni cha juzi. Kisha tafuta matundu madogo madogo ya mviringo. Matundu yenyewe sio tatizo kubwa, mbao nyingi za kale zilishabunguliwa zamani na wadudu wakaondoka, tatizo ni unga. Gonga kwa ngumi chini ya kabati ukiwa umetandika karatasi nyeupe, ukidondoka unga laini wa rangi ya mbao ujue wadudu bado wako kazini na ukikiingiza ndani watahamia kwenye fremu za milango yako. Dawa zipo, ila bei ishuke.

Kwa masanduku ya Zanzibar beba sumaku. Shaba haishikwi na sumaku. Ukigusisha kwenye vile vichwa vya misumari na mabati ya urembo vikanata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Na muuzaji akikwambia sanduku ni "la Zanzibar asilia" usibishane naye sana, mengi ya zamani kweli yalitengenezwa India, Bombay na Surat huko, yakaja na majahazi, na hilo haliyapunguzii kitu. Muulize tu kama yana droo ya siri, hapo ndipo utajua kama anaijua mali yake au anauza tu.

Fundi sasa. Mbao ndio kila kitu. Mninga unapendwa kwa sababu unatulia, haupindipindi sana ukikauka. Mtiki kutoka mashamba ya Longuza kule Muheza au Mtibwa ni mzuri hasa kwa vya barazani. Paini ya Sao Hill nayo ni mbao halali kabisa kwa vitu vya kupaka rangi, shida inakuja pale paini inapopakwa rangi ya kahawia ukauziwa kama mninga. Inyanyue. Paini ni nyepesi mno ukilinganisha, na ukikwaruza kwa kucha mahali pa kujificha inaingia. Jambo la pili ni unyevu, mbao mbichi inaungwa leo vizuri, baada ya miezi mlango wa kabati haufungi. Na hii wengi hawaijui: kitu kilichotengenezwa Dar kwenye joto na unyevu wa bahari ukakipeleka Dodoma au ukakiweka chumba chenye eisii mchana kutwa, kinakauka zaidi na maungio yanaachia. Mwambie fundi kinakwenda wapi. Kwa meza pana mwombe ubao wa juu asiugongee misumari ukakaza pande zote, auachie nafasi ya kutanuka na kusinyaa.

Kwa dizaina chipukizi uimara ndio swali la kumbana nalo, kwa upole. Vitu vyake havijaishi. Kiti chenye miguu mitatu myembamba kinapendeza kwenye picha, je mjomba wa kilo mia na kumi akija msibani? Siku hizi tena nusu ya unachokiona mtandaoni ni picha ya kompyuta, kitu chenyewe hakijawahi kuwepo duniani. Omba video mtu anakikalia, anajiegemeza, anakivuta sakafuni. Omba picha ya upande wa chini. Muulize nani anamtengenezea na alibadilisha nini kutoka toleo la kwanza. Dizaina mwenye akili atafurahi kuulizwa hilo, atakuelezea nusu saa mpaka uchoke. Asiyekuwa na la kusema juu ya toleo la kwanza inawezekana hicho ndicho toleo la kwanza, na wewe ndio unakifanyia majaribio.

Vipimo

Kitu cha zamani hakijui nyumba yako. Samadari ni kitanda kizuri sana, nguzo nne, juu juu, lakini godoro la sita kwa sita la dukani halikai, utakatisha godoro kwa oda na neti utashonesha, na mlango wa apatimenti yako ya ghorofa ya tatu yenye ngazi nyembamba ndio utaamua kama kitaingia. Vingi vinafunguka vipande, muulize muuzaji akifungue mbele yako. Sofa za miaka ya sabini nyingi ziko chini, vijana wanazipenda, mama mkwe mwenye magoti atakuomba msaada kunyanyuka.

Fundi hapa anashinda wazi, kila kitu kinatoka kwa futi yako, mradi uwe na namba. Picha haina vipimo. Mpe urefu wa kukalia, sentimita 42 mpaka 45 kwa kiti cha kawaida, meza ya chakula 75, kina cha kochi pima kwa mtu mfupi wa nyumba sio kwa mrefu. Chora chaki sakafuni kabla ya kulipa. Dizaina yuko katikati, vitu vyake vya tayari viko kwa kipimo chake na wengine hawataki kukibadilisha kwa sababu wanaona uwiano unaharibika, wakati mwingine wako sahihi.

Upekee

Kitu cha kale kina kitu kimoja ambacho hakiagizwi, umri. Ule ubao wa mkono wa kiti uliolainishwa na viganja vya watu miaka hamsini, msasa hauwezi. Ila vipo vya kuzeeshwa kwa makusudi, na vipya vya Stone Town vinavyochongwa kwa mtindo wa kale vingine ni kazi safi sana kuliko vya kale vyenyewe, shida ni pale tu bei inapokuwa ya kale.

Fundi upekee wake unategemea picha uliyompa. Ukimpa picha ile ile inayozunguka kila grupu la WhatsApp utapata kochi la grupu. Na kingine, ukimpa wazo zuri wiki ijayo liko barabarani linauzwa. Sio ubaya, ndio biashara ilivyo pale. Dawa ni kuleta kitu chako, kitambaa cha Urafiki cha marehemu shangazi, khanga za kisutu kwa mito, mlango wa zamani ugeuzwe meza, cherehani ya Singer iliyokufa ile stendi yake ya chuma iwe miguu ya sinki. Hapo hata akiiga ataiga umbo tu.

Dizaina chipukizi ndio mwenye vituko vya kweli akiwa mzuri. Watu wa namna ya Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyejulikana kwa miwani ya takataka za mtaani, wanaangalia kitu kilichotupwa wanaona kingine kabisa. Kuna vioo vya rangi vya Kitengela nje ya Nairobi na kazi za Shanga pale Arusha za chupa zilizoyeyushwa, hao si chipukizi tena lakini ukizizoea kazi zao jicho lako linajua nini cha kutafuta kwa wanaoanza. Pa kuwakuta wanaoanza: Nafasi Art Space Mikocheni, ipo tangu 2008, ina studio na maonyesho, unaingia unaongea na mtu mwenyewe. Nairobi kuna kituo cha sanaa cha GoDown na maonyesho ya Nairobi Design Week. Maonyesho ya wanafunzi wa vyuo mwisho wa mwaka wa masomo. Na maonyesho ya biashara ya Sabasaba, msiyadharau, banda la VETA na la SIDO (shirika la viwanda vidogo) utakuta kijana kasimama pembeni ya kiti kizuri ajabu na hakuna anayemuuliza, watu wote wako kwenye foleni ya chipsi.

Ya baadaye

Kitu cha kale kizuri kikitunzwa unaweza kukiuza bila kupoteza sana. Cha fundi kikiharibika fundi yupo, hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Cha dizaina kinaweza kupanda au kisipande kabisa, nunua kwa sababu unakipenda, usimfanye kijana hisa. Mwombe asaini na kuweka mwaka chini ya kitu.

Sheria sasa, kwa kifupi. Tanzania Bara Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940, sio kitu cha kung'oa na kusafirisha kienyeji. Kenya wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006. Kiti cha enzi chenye vipande vyeupe uliza ni mfupa au ni pembe, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku tangu 1989 na hakuna afisa atakayekuelewa uwanja wa ndege. Mpingo nao uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017 pamoja na ndugu zake wote, mzigo mzito unaweza kutaka kibali.

Nani kipi kinamfaa

Kitu cha kale kinamfaa mwenye subira na mwenye miguu, anayefurahia kuchakura, ambaye nyumba yake ina nafasi ya kukipisha kitu kigeni. Hakimfai anayetaka seti kamili inayofanana. Fundi anamfaa mwenye vipimo vigumu, familia kubwa, bajeti ya kuhesabika na muda wa kupita karakana kila baada ya siku mbili, narudia, wa kupita, sio wa kupiga simu. Na anamfaa mtu ambaye tayari anajua anachotaka kwa undani, kwa sababu usipojua wewe hakuna mwingine atakayejua. Dizaina anamfaa anayeona kabisa kwamba jicho hana, au analo lakini amechoka kulitumia, na ana hela ya kipande kimoja kizuri badala ya vitano vya kawaida. Anamfaa pia anayependa kumjua aliyetengeneza.

Kwa hali yako

Unaanza maisha, chumba na sebule, umepanga: vitu vidogo vya kale unavyoweza kuhama navyo kwenye bajaji, birika, chemli, fremu, stuli, na kochi moja la fremu ya mbao la mtumba ubadilishe vitambaa vya mito tu. Usitengeneze kabati la ukutani kwenye nyumba ya mtu.

Umejenga, sebule ni kubwa na ina kona za ajabu: fundi kwa vitu vikubwa vinavyobeba chumba, mninga, umbo la miaka ya sabini, mistari minyoofu isiyo na nakshi, halafu kituko kimoja kutoka kwa dizaina, kioo au taa, pale jicho linapoangukia mtu akiingia.

Una watoto wadogo: fundi au kitu cha kale kizito. Rangi za kale kwenye vitu vilivyopakwa zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizikwangue ndani ya nyumba na watoto wapo, na kitanda cha mtoto kilichopakwa rangi zamani kiache. Dizaina wa miguu myembamba asubiri miaka mitatu.

Una airbienbi au mgahawa unataka watu wapige picha: dizaina, moja kwa moja, na mpe jina lake mahali linapoonekana, anaweza kukupunguzia bei kwa hilo. Viti vya kukaliwa na watu mia kwa wiki lakini mpe fundi aliyezoea kazi za mahoteli, au uwakutanishe wawili, dizaina achore, fundi afunge, mkubaliane tangu mwanzo mchoro ni wa nani.

Una kabati la babu kijijini na familia inataka kulichoma kuni: lifuate. Kodi kirikuu, lipige dawa nje kabla halijaingia ndani, usilikwangue lote likawa jipya, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya linsidi uone kilichopo chini kabla hujaamua kupaka rangi ya embe.

Upo Muscat, Leicester au Minneapolis na unataka kipande cha nyumbani: usiagize samadari kwa picha za WhatsApp. Nunua kidogo na chepesi, vitambaa, picha, kioo, kazi ya kijana mmoja uliyeongea naye kwa video, afunge mwenyewe na akutumie risiti yenye aina ya mbao iliyoandikwa. Sanduku la shaba subiri ukija likizo, uje na sumaku yako.